Mota Isiyo Yake

Inspekta alifungua kifuniko cha boti kwa bisibisi yake mwenyewe, maana bisibisi ya kituo, alivyoambiwa, haionekani. Boti ilikuwa juu ya meza katika stoo ya kituo cha uokoaji, ya rangi ya chungwa, ndefu kiasi kwamba mkia wake ulining'inia nje ya meza. Nyuma bado lilikuwa limefungwa boya lenye kamba.

Kazi ya boti ile haikuwa ngumu kuieleza. Mtu akizidiwa katikati ya ziwa, mwokoaji husimama ufukweni na rimoti, anaituma boti, mtu analishika boya, boti inamvuta hadi nchi kavu. Safari hii ilitoka vizuri, ikafika nusu ya njia, ikafuka moshi, ikazima. Seremala aliyekuwa anaingoja, amekumbatia dumu tupu, alikaa juu ya maji kwa muda huku watu wakimpigia kelele ajikaze. Mmoja wao alikuwa akimchukua video kwa simu. Mwokoaji alitupa rimoti chini, akajitosa na kuogelea. Alipofika alilikuta dumu peke yake. Boti ilivutwa kwa mtumbwi ikarudishwa stoo wakati yeye bado anapiga mbizi kumtafuta; maiti ilipatikana baadaye.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa ameshamsimamisha kazi yule binti mwokoaji, ameshawaambia waandishi wa habari kwamba chanzo ni uzembe wa mwendeshaji, na alikuwa ameomba kwa maandishi binti huyo ashitakiwe. Maiti ilikuwa haijazikwa. Inspekta hakupenda haraka ile, lakini haraka si kosa la jinai.

Mkuu alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mota ya boti hupozwa na maji ya ziwa lenyewe. Yanaingia kwa mpira mwembamba, yanaizunguka mota, yanatoka upande wa pili. Mwendeshaji anatakiwa kuusafisha mpira ule kabla ya zamu. Huyu hakusafisha. Mpira ukaziba, mitambo ikachemka, ikaungua.

"Tazama mwenyewe," alisema. "Mimi simsingizii mtu."

Inspekta alitazama. Mpira ulikuwa umeziba kweli. Alichukua koleo dogo akavuta, zikatoka nyasi, shungi zima. Alizitandaza juu ya karatasi nyeupe. Sajini wake, aliyekuwa ameshika tochi, aliinama naye wakaziangalia pamoja.

Zilikuwa nyasi fupi, za urefu mmoja, zimekatwa ncha zote mbili kwa kitu chenye makali. Ufukweni, wakati wanakuja, Inspekta alikuwa ameshika magugu ya ziwa lile. Ni marefu, yanateleza kama kamasi, na ukiyavuta yanakatika ovyo. Aliinua macho dirishani. Mbele ya ofisi ya mkuu kulikuwa na bustani ndogo iliyokatwa nyasi vizuri sana.

Alizitia nyasi kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika tarehe, akauliza kama boti iliwahi kubadilishwa mota.

Mkuu alicheka. Alisema yeye na mota wapi na wapi, kazi yake ni utawala, hata balbu ya nyumbani anaita fundi. Boti ililetwa hivyo ilivyo na haijaguswa. "Lebo yake iko hapo ubavuni, upande wa chini. Mia saba. Kasome."

Inspekta aliinama kusoma. Hakuona kitu. Mota ilikuwa imevikwa koti la chuma la kupitishia maji ya kupozea, limeifunika kuanzia shingoni hadi karibu na mkia. Ilibidi Sajini afungue skrubu nne, aing'oe mota mahali pake na kulivua koti ndipo lebo ikaonekana, upande wa chini kama mkuu alivyosema, na juu yake nambari mia saba.

Pembeni ya mota kulikuwa na kisanduku kidogo cha umeme, kile kinachoipimia mota umeme wa betri kulingana na mkono wa mwendeshaji. Hicho ndicho kilichoungua. Kilikuwa kimeyeyuka, kimebaki kama peremende iliyotemwa. Mota yenyewe ilizunguka vizuri kabisa kwa vidole.

"Tunaondoka nayo," Inspekta alisema.

Mkuu aliuliza itachukua muda gani, kwa sababu wakubwa wanataka jalada lifungwe. Inspekta alimjibu kwamba hata yeye anataka lifungwe, tena vizuri.

*

Mwokoaji alikuwa kwa shangazi yake. Wenzake kazini walimwita Bata, kwa kuwa mvua inyeshe, jua liwake, yeye hatoki majini. Sasa alikuwa amekaa chumbani pazia limeshushwa, amevaa sweta wakati wa joto. Shangazi alikaribisha wageni, akaleta viti, kisha akakataa kutoka. Alisema mtoto huyu ameshahojiwa peke yake mara ya kwanza na ameona matokeo yake, kwa hiyo yeye hapo haondoki. Inspekta akamwambia akae.

Alianza na swali baya zaidi, ili lipite. Je, alikaza rimoti hadi mwisho?

Bata alikubali. Alianza na nusu, kama walivyofundishwa, lakini alipomwona yule baba kichwa kinazama na kurudi, alisukuma mkono wote. Sajini aliandika. Shangazi alifumba macho, maana hata yeye alielewa kwamba jibu hilo mkuu wa kituo angelipenda.

"Na mpira wa maji?"

"Kila asubuhi naupuliza kwa mdomo, afande. Ukipuliza unasikia hewa inatokea upande wa pili. Siku ile nilipuliza."

"Aliyekuona yupo?"

"Nani anasimama kumwangalia mtu anapuliza mpira?"

Kisha akasema jambo ambalo hakuwa ameulizwa. Boti ilikuwa imebadilika. Zamani ilikuwa nzito kuondoka, unaigusa inajivuta taratibu, lakini ukiifunga hata watu wawili inawaleta. Siku za karibuni ilikuwa ikiguswa tu inaruka, kama imekunywa kahawa, halafu ikivuta hata boya tupu inakoroma na kupata joto. Alimweleza mkuu wa kituo mbele ya wenzake kwenye kikao cha asubuhi. Mkuu akamuuliza tangu lini mabata wakasomea uhandisi. Watu wakacheka, kikao kikaendelea.

"Mlifanya zoezi la kuvuta mtu baada ya hapo?"

"Niliomba. Akasema ratiba imejaa."

Shangazi alishindwa kuvumilia. Alisema mke wa marehemu alikuja pale mlangoni, hakupiga kelele wala hakutukana, alisimama tu akimtazama Bata, kisha akaondoka. "Mngeniletea mtu wa kunitukana ningemweza," shangazi alisema. "Yule sikumweza."

Inspekta alifunga daftari. Sajini alimjua, alipoona amelifunga polepole vile, alijua kuna mtu atakiona cha moto.

*

Shemeji yake Inspekta alikuwa mwalimu wa umeme chuoni, na mashindano ya boti za rimoti yalikuwa ndiyo wazimu wake. Alikuwa amemwoa mdogo wake Inspekta, na kwa haki hiyo alimtania bila leseni. Alipomwona anaingia karakana na Sajini nyuma, aliinua mikono juu akauliza kama wamekuja kumkamata au wamekuja kurudisha sufuria.

"Sufuria ziko kwangu na hazitoki," Inspekta alimwambia. "Niambie kuhusu hii."

Alimwekea mota mezani. Shemeji aliipindua, akasoma lebo, akasema ni mota isiyo na brashi, ya mia saba, chaguo zuri kwa boti ya kazi. Inspekta akamtaka aeleze kama anavyowaeleza wanafunzi wake wagumu.

Alieleza huku akifuta mikono. Watu wengi, alisema, wakienda kununua mota ya boti wanatafuta nambari kubwa, wakidhani ndiyo nguvu. Nambari ile inasema tu mota itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja unayoipa. Boti nyepesi ya mashindano, yenye propela ndogo, inataka nambari kubwa ili ipae. Boti nzito yenye propela pana, inayovuta mzigo, inataka nambari ndogo. Inazunguka polepole lakini haikati tamaa. Kwa hiyo unaanza na boti yenyewe: uzito wake, kazi yake, propela yake, betri yake. Mota unaichagua mwisho, kwa kufuata hayo.

"Na ukiichanganya? Mota ya mbio kwenye propela pana?"

"Ni kama kupanda mlima kwa baiskeli kwenye gia ya kushukia. Mota inataka kukimbia, maji yanakataa. Inavuta umeme kwenye betri, inavuta, inavuta, hadi kitu kiungue. Kwa kawaida kinachotangulia ni kile kisanduku cha kudhibiti mwendo." Alisimama. "Kwani kimeungua nini?"

"Hicho hicho."

Shemeji aliacha utani. Aliipima mota uzito mkononi, akakwangua pembe ya lebo kwa ukucha. Pembe ikanyanyuka kirahisi mno. Alisema lebo ya kiwandani haibanduki hivyo. Inspekta akamshika mkono kabla hajaendelea, akamwambia asiiguse tena lebo ile hata kwa pumzi.

Kulikuwa na njia ya kuihoji mota bila kuamini lebo. Shemeji alitoa rafuni mota yake mwenyewe ya mia saba, akaibana kwenye drili ya mezani, akaizungusha. Mota ikizungushwa kwa nguvu, alieleza, inageuka jenereta, inatoa umeme. Yenye nambari ndogo inatoa volti nyingi, yenye nambari kubwa inatoa chache. Alibana mita kwenye nyaya mbili kati ya tatu zinazotoka kwenye mota. Ikasoma karibu volti tatu.

Akaitoa, akabana ile ya kituo, kwa uangalifu asiguse lebo. Drili ileile, mwendo uleule.

Mita ikasoma volti moja.

Sajini aliomba arudie. Akarudia. Moja.

"Hii si mia saba," shemeji alisema. "Hii ni elfu mbili na ushei. Lebo si yake. Hii ni mota ya mashindano, na aliyeitia kwenye boti ya kuokolea watu, shemeji yangu, sijui nimwiteje mbele yako."

Inspekta aliichukua mota, akaitia kwenye mfuko. Maabara waliibandua lebo ile kwa mvuke siku iliyofuata. Upande wa gundi, umekaa kama umepigwa mhuri, kulikuwa na alama ya kidole gumba.

*

Mkuu wa kituo alikuja kituo cha polisi na wakili, shati jingine, pasi ileile. Inspekta alimweleza matokeo ya drili bila kupandisha sauti. Mkuu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema basi waliowauzia boti waliwatapeli tangu mwanzo, na yeye atakuwa wa kwanza kuwashitaki.

Inspekta alikuwa amelitegemea jibu hilo, na kwa kweli siku moja nzima alikuwa amelifuata yeye mwenyewe. Alikuwa amezungumza na waliouza. Alikuwa pia amepata picha za mazoezi ya msimu uliopita, boti ileile ikivuta waokoaji wawili wanene, ikienda na kurudi mchana kutwa. Kwa mota hii na propela ile ingeungua kwenye zoezi la kwanza. Kwa hiyo mota ilibadilishwa baadaye, na aliyeibadilisha alijua kwamba siku moja mtu anaweza kuja kusoma lebo.

"Stoo ina funguo ngapi?" aliuliza.

Wakili alisema mteja wake si mlinzi wa funguo.

"Tuache funguo. Ulipokuwa mlangoni uliniambia lebo iko ubavuni, upande wa chini. Mota ilikuwa imefunikwa na koti. Mimi nilikuwa nimeinamia juu yake na sikuiona. Wewe ambaye hata balbu unaita fundi, uliionea wapi?"

Mkuu alisema labda aliisoma kwenye kijitabu cha boti. Inspekta alimwambia kijitabu hakisemi lebo imebandikwa wapi, amekisoma chote. Kisha akaweka mezani picha mbili za kidole gumba, moja ya maabara, nyingine ya jalada la ajira yake, zikiwa pamoja.

Wakili alizitazama kwanza. Aliegemea nyuma akaomba azungumze na mteja wake faragha, lakini mteja wake alikuwa ameanza kusema.

Alisema ilikuwa mchezo tu. Yeye na rafiki zake wana boti zao, siku za mapumziko wanashindana upande wa pili wa ziwa. Yake ilivunjika. Akachukua ya kituo, akaitia mota ya mbio na propela ndogo, akawapita wote. Wiki ile wakaguzi wakatangaza kuja. Akarudisha propela pana. Lebo ya zamani akaihamishia kwenye mota mpya, akiwa na nia ya kurudisha na mota yenyewe baadaye, akipata nafasi.

"Kwa nini propela uliirudisha na mota hukuirudisha?" Inspekta aliuliza.

"Propela inaonekana."

Inspekta alilaza kiganja juu ya meza akakiacha pale.

"Binti alikwambia boti imebadilika. Mbele ya watu. Ukamwita bata."

"Wote wanamwita hivyo."

"Na nyasi?"

Mkuu alisema alichanganyikiwa, mtu alikuwa amekufa, hakujua anachofanya.

"Mtu aliyechanganyikiwa hukimbia, au hukaa chini akalia," Inspekta alisema. "Wewe uliinama bustanini kwako ukaokota nyasi, ukaenda stoo, ukazishindilia kwenye mpira. Halafu ukanawa mikono ukaandika barua ya kuomba mtoto wa watu afungwe. Mwenzako alikuwa ndani ya maji anamtafuta marehemu kwa mikono, wewe unaokota nyasi."

Wakili alikohoa. Alisema, kwa adabu, kwamba hata hivyo lipo jambo la kisheria. Mota ya zamani ni ya polepole. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ingemfikia marehemu kabla hajazama. Kosa la kuchezea mali ya kituo ni moja, na kifo ni jambo jingine.

Mkuu aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza akionekana kupata pumzi. "Ni kweli," alisema. "Labda isingewahi."

"Tutaona," Inspekta alimjibu.

*

Mota ya zamani ilipatikana kabatini nyumbani kwa mkuu, imeviringwa kwenye taulo safi. Shemeji aliipima kwa drili: volti tatu kasoro. Akaifunga kwenye boti na kisanduku kipya, akairudishia koti lake la maji.

Walikwenda ziwani mchana, maji yakiwa yametulia kama siku ile. Dumu lilifungwa nanga pale pale palipoonyeshwa na video, na Sajini, ambaye ni muogeleaji, akaenda kulishika. Mkuu wa kituo aliletwa akiwa kati ya askari wawili. Wakili alikuja na simu yake kupima muda. Mke wa seremala naye alikuja. Hakuna aliyemwalika; alisimama kando, mtandio ameukaza kichwani.

Rimoti Inspekta alimpa Bata. Binti alisema hawezi. Inspekta akamwambia hakuna mwingine anayeijua boti ile, na kwamba akitaka kuacha ataacha. Bata akaishika.

Boti iliondoka kwa uvivu, boya linaivuta nyuma. Ilikwenda ikinguruma sauti ya chini. Kuitazama kulichosha, ilivyokuwa ya taratibu, na Inspekta kwa kitambo aliogopa kwamba wakili alikuwa amesema kweli. Ilifika pale ilipofuka moshi siku ile. Ikapita. Sajini alilishika boya kwa mikono miwili, boti ikageuka, ikaanza kumleta, mzito alivyo, bila kukoroma.

Alipogusa mchanga alisimama akicheka, kisha akaona nyuso za watu akaacha.

Wakili alitazama simu yake, akataka kuirudisha mfukoni. Inspekta alimwomba asome kwa sauti. Akasoma. Askari aliyekuwa na ile video alilinganisha na muda ambao seremala alikuwa ameshikilia dumu, akiwa hai, akiingoja. Boti ingemfikia na kumrudisha, na muda ungebaki.

Bata aliinamisha kichwa. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ambayo Inspekta peke yake aliisikia, kwamba angekuwa ameshamleta.

Mke wa seremala alikuwa hamtazami Bata sasa, wala boti. Alikuwa akimtazama mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo alikuwa amejiinamia, akitazama viatu vyake.

"Huyu hakuona," mwanamke alisema. "Wakati wote inakwenda alikuwa anaangalia chini. Rudieni."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema rudieni. Nataka aione inavyofika."

Wakili alifungua mdomo, lakini Inspekta alimnyamazisha kwa kidole. Sajini, maji yakimchuruzika, aligeuka akaanza kuogelea kurudi kwenye dumu. Bata alifuta kiganja kwenye sketi, akaielekeza boti ziwani upya, na mmoja wa askari akamshika mkuu wa kituo kidevu, akamwinua uso.